Neno Alilolikataa Baba

Baba yangu, Mwalimu Meor Yahaya, alifundisha lugha katika shule ya Teluk Jering kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka yote hiyo sikumsikia hata mara moja akikiri kwamba amekosea neno. Hesabu alikosea. Njia alipotea. Siku moja alikwenda msikitini mguu mmoja amevaa kiatu chake, mguu wa pili cha mama. Lakini neno, hapana. Watu wakimwona anakuja na mwavuli wake mweusi walishusha sauti, wasije wakasahihishwa barabarani.

Rafiki yake wa tangu utotoni alikuwa Alang Deraman, fundi seremala. Sisi watoto tulimwita Pak Alang. Ndiye aliyetujengea nyumba yetu ya mbao juu ya nguzo, inayotazama Mto Perak, na ngazi yake ya vipandio saba aliichonga kwa mkono wake. Pak Alang alisoma herufi za Kiarabu tu, zile za kizungu hazikumwingia, lakini mdomo wake ulikuwa mali ya kijiji kizima. Posa haikupelekwa bila yeye. Harusi haikufungwa bila yeye kusimama na kusema. Alikuwa na sauti nene isiyo na haraka, na wazee wa kike walipomsikia walilia hata pale ambapo hapakuwa na la kulilia.

Mwaka ule nchi ilipopata uhuru, tulimsindikiza binamu yangu kwenda kuoa kijiji cha ng'ambo. Nilikuwa na miaka minane. Tulikula tukashiba, na jua lilipoanza kuinama Pak Alang akasimama kwa niaba ya wageni.

"Wali tumekula, heshima tumepewa," alisema. "Sasa sisi wageni tunaomba ruhusa, beransur."

Beransur ni neno letu la mambo yanayogeuka bila kishindo. Homa ikishuka leo kidogo na kesho kidogo, tunasema beransur. Giza likiingia, maji ya mafuriko yakipungua, mtoto akizoea shule, ni beransur. Na kwa kuwa kwetu mtu mwenye adabu hachomoki nyumbani kwa mwenzake kama risasi, bali hujisogeza, akainuka, akafika mlangoni akakumbuka hadithi nyingine, akashuka ngazi huku bado anazungumza, watu walilichukua neno hilohilo wakalifanya la kuagia. Kila mtu alilitumia hivyo isipokuwa baba. Yeye alisema huo ni uvivu wa midomo.

Basi palepale, mbele ya wakwe, baba akapaza sauti kutoka mahali alipoketi: "Alang! Beransur ni kidogo kidogo. Mnataka kuondoka mguu mmoja leo na wa pili kesho?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mjomba wa bibi harusi akadakia, "Basi huo mguu wa kwanza tuachieni, tutaulisha!" Watu wakapigana makofi ya mgongo, machozi yakawatoka. Baba naye akacheka, amefurahi kwamba utani wake umeshika. Nilimwangalia Pak Alang. Alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeshika chombo na hajui akiweke wapi. Kisha akaketi.

Kesho yake aliurudisha mwavuli aliokuwa ameuazima kwa baba. Aliutundika nje, kwenye nguzo ya chini, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakupanda tena ngazi yetu, wala hakusimama tena kusema katika harusi ya mtu yeyote. Akiombwa alijibu kwamba jino linamuuma.

"Atarudi," baba alisema. "Anajua nilikuwa natania."

"Nenda kamwombe radhi," mama alimwambia.

"Radhi ya nini? Neno si lake. Lina maana yake."

Ikapita miaka kumi na moja. Msikitini mmoja alisali mwisho wa kulia wa safu na mwingine mwisho wa kushoto.

Mwaka wa kumi na moja ofisi moja ya lugha kutoka Kuala Lumpur iliwatumia walimu masanduku ya kadi. Walikuwa wanakusanya maneno kwa ajili ya kamusi. Kila kadi ilitaka neno, maana yake, sentensi iliyotoka mdomoni mwa mtu, na chini kabisa jina la mtu huyo na kazi yake. Sijapata kumwona baba na furaha kama ile. Alinunua wino mpya. Alikuwa amejaza kadi ishirini na tatu, na ya mwisho ilikuwa ya neno beransur yenye maana moja tu, aliposhindwa kuinuka kitandani asubuhi ya Jumatano. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia. Mkono ulilala kama kitu cha mtu mwingine, mdomo ukapinda, na sauti ikawa mkoromo.

Alikaa hospitali ya mjini wiki tatu. Wanaume wanne walimpandisha nyumbani akiwa ameketi kwenye kiti, na kwa uzito wao kipandio cha tatu kikapasuka mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilishika upindo wa shuka lake lisiburuzike, na nikafikiri kwamba mtu huyu hatashuka tena ngazi hii kwa miguu yake.

Wageni walikuja kila siku. Wote waliuliza swali moja, na mama alijibu neno moja: "Beransur." Yaani anapata nafuu, taratibu. Haikuwa kweli. Nilimwona baba akimkodolea macho kila aliposema hivyo. Sijui kama ni uongo uliomkera au kwamba lilisemwa peke yake bila kitenzi.

Ijumaa ya kwanza, baada ya sala, nilimwona Pak Alang ng'ambo ya barabara ameshika baiskeli yake. Alikuwa anaitazama ngazi. Hakusalimu. Ijumaa ya pili alisogea mpaka kwenye mtungi wa kunawia miguu chini ya ngazi.

"Nimwite?" nilimuuliza mama.

"Thubutu! Huyo ni kama paka wa porini. Ukimwita, humwoni tena."

Ijumaa ya tatu tulisikia nyundo. Opah, bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa haoni vizuri lakini ulimi wake ulikuwa mzima, alijikokota mpaka mlangoni.

"Nani anagonga huko chini?"

"Mimi, Opah. Deraman."

"Deraman yupi? Yule aliyekufa?"

"Sijafa, Opah."

"Loo! Miaka kumi na moja hujanisalimia, nilijua tumeshakuzika. Hata arobaini yako nilikula."

"Nimekuja kuangalia mbao zangu," Pak Alang alisema. "Siji kumtembelea mtu."

"Haya, ziangalie. Nazo zinakusalimu."

Alikuwa ameketi mchangani, anabandua kipandio cha chini kabisa, ambacho hakikuwa na neno. Alikitoa, akakipiga randa, akakirudisha, akaondoka. Ijumaa iliyofuata aliketi juu ya hicho cha kwanza akatengeneza cha pili. Kisha akaketi juu ya cha pili, akatengeneza cha tatu kilichopasuka.

"Fundi gani huyu, kipandio kimoja kwa wiki?" Opah alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka mtoni. "Nyumba nzima aliimaliza kwa miezi minne!"

Baba alilala kwenye godoro karibu na ukuta wa mbele. Nyundo ilipolia aligeuza kichwa. Ilipokoma alifumba macho. Hakuna aliyemwambia ni nani. Hakuwa na haja ya kuambiwa.

Katika siku hizo alianza kuninyooshea kidole cha mkono wa kushoto kuelekea kwenye sanduku la kadi. Nilielewa. Nikachukua kalamu, nikazunguka kijijini nikikusanya sentensi. Nilianza na ile kadi ya beransur kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu.

Opah alinipa yake bila kufikiri. "Meno yangu yalikuja beransur, yakaondoka beransur. Hili moja lililobaki linangoja gari."

Dukani kwa Taukeh Seng, mwenyewe alimtazama mkewe aliyekuwa anapanga vibiriti. "Andika hivi: Nilipomwoa alikuwa kama ufito. Beransur, beransur, sasa tazama mlango ulivyo mwembamba." Kibiriti kikamfika sikioni. "Na kichwa chako je?" mkewe alifoka. "Nywele ziliaga lini? Mwandikie hiyo pia!"

Kila nilipomaliza, waliniaga au mimi niliwaaga kwa neno lilelile. Mke wa imamu, akifunga mtandio: "Odah, mwanangu, mie beransur kwanza, mchele uko motoni." Nilihesabu kwa siku moja mara kumi na nne. Nikajua kwamba kadi ya baba ilikuwa nusu.

Ijumaa ya nne au ya tano, nilipokuwa nikianua nguo, nilimwendea Pak Alang kwenye ngazi.

"Pak Alang, nipe sentensi moja ya neno beransur."

Nyundo ikasimama hewani. Aliitazama kwa muda, kisha akaiweka gotini.

"Muulize baba yako," alisema. "Yeye ndiye anayelijua."

Jioni ile niliandika kwenye kadi maana ya pili: kuaga, kuondoka kwa adabu. Nikamwonyesha baba. Aliisoma, kisha akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto akaburuza mstari mzito juu ya mwandiko wangu mpaka kadi ikatoboka.

Sijui kilichonipanda. "Baba! Kila anayeshuka ngazi hii anasema hivyo. Mama anasema hivyo! Kijiji kizima kimekosea, wewe peke yako ndiye unayejua kuongea?"

Alifungua mdomo kunijibu. Ulitoka ule mkoromo. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama, halafu akaacha, akageukia ukutani. Mtu ambaye maisha yake yote hakukosa jibu. Nilienda jikoni nikalia kwenye moshi ili mama adhani ni kuni.

Ijumaa ya kipandio cha saba, Pak Alang alikuwa ameketi juu ya cha sita, magoti yake yakigusa kizingiti chetu. Alipiga msumari wa mwisho. Hapakuwa tena na mbao ya kutengeneza. Tulisikia anavuta pumzi.

Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba alikuwa naye jana, "Kahawa imeiva, Alang. Muhogo nao umeiva."

Akavua kofia, akaingia.

Tulikuwa tumemketisha baba kwenye mkeka, mgongo umeegemea mto. Walitazamana. Pak Alang alikuwa amezeeka zaidi kwa karibu, nyusi zote nyeupe. Akaketi. Alikula muhogo na nazi vipande vitatu, akanywa kahawa, na muda wote aliongea na ukuta.

"Boriti hii imekaa vizuri. Ile pale ina mchwa. Nitaleta mafuta."

"Leta," mama alisema.

"Paa upande wa magharibi linataka kuangaliwa."

"Liangalie."

Basi, kahawa ikaisha. Alijifuta mdomo, akainuka nusu, na hapo akakwama. Nilikiona kilichomkwamisha. Mtu hawezi kutoka nyumba ya watu kimya kimya, na neno la kutokea lilikuwa ni lilelile. Alitazama kikombe. Akatazama mlango. Masikio yakamwiva.

Baba akaanza kutikisika. "Be," alisema. "Be... ra..."

"Beras?" Mama aliruka. "Anataka mchele! Odah, mchele!"

Baba akapiga mkeka kwa kiganja cha kushoto. "Be... ra..."

"Nakuja, Mwalimu, ngoja," mama alisema, "ni wa kula au wa kukaanga?"

"Nyamaza, wewe!" Opah alimkemea. "Mwache mtu amalize neno lake. Tangu lini ulimwona anasema nusu?"

Jasho lilimtiririka baba usoni. Alimtazama Pak Alang, si mwingine yeyote, na likatoka, limepinda kama mdomo wenyewe, lakini zima: "Beransur, Alang."

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya miezi miwili na nusu.

Pak Alang alikakamaa. "Umenifukuza?" aliuliza polepole. "Nimeketi kwako mara moja tu baada ya miaka kumi na moja, nawe unanifukuza?"

Baba alitikisa kichwa kwa nguvu, akilia sasa, waziwazi, mbele yetu sote. Kidole kikanyooka kwenye sanduku. Nilileta kadi. Alizipekua mpaka akaipata ile iliyotoboka, akaisukuma pembeni, akadai kadi mpya. Akaandika kwa mkono wa kushoto. Ilichukua muda mrefu, kahawa ya pili ilikuja na kupoa. Herufi zilikuwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, zinapanda na kushuka. Alipomaliza alimpa Pak Alang mwenyewe.

Pak Alang aliigeuzageuza, akanikabidhi. "Nisomee."

Nikasoma. "Beransur. Maana ya pili: kuaga kwa adabu. Sentensi: Wali tumekula, heshima tumepewa, sasa sisi wageni tunaomba ruhusa, beransur. Msemaji: Alang Deraman, fundi, Teluk Jering."

Pak Alang aliketi tena, mzima mzima, kama gunia. Aliichukua tena kadi, akaishika kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Mguu mmoja leo, wa pili kesho?"

Baba akacheka. Kilitoka upande mmoja tu wa mdomo, kicheko cha kuteleza kibaya cha kutisha watoto, na hatukuwahi kusikia kizuri kama hicho. Pak Alang hakuondoka mpaka karibu na magharibi. Alipofika mlangoni alisimama robo saa nzima akieleza habari za mchwa, akashuka kipandio kimoja, akaeleza habari za mwanawe, akashuka kingine.

Wiki iliyofuata alifunga mti wa kushikilia upande wa kushoto wa ngazi, upande wa mkono mzima wa baba. Akaja kila asubuhi, si Ijumaa tu. Alitangulia mbele, kinyumenyume, akimtazama usoni, na mimi nyuma nimeshika kiuno cha sarongi aliyojifunga baba. Siku ya kwanza baba alishuka kipandio kimoja, akarudi. Baada ya siku kumi, viwili.

"Usikimbie, Mwalimu," Pak Alang alisema. "Kanzu yako haina moto."

"Kim... ya," baba alijibu.

Ramadhani ilipofika, walikwenda msikitini pamoja, hatua ndogondogo, na safu ikawasubiri. Walisali katikati, bega kwa bega.

Ulimi wa baba haukurudi wote. Alibaki na maneno mia moja hivi, na aliyatumia kwa uchoyo. Yaliyobaki aliyasema Pak Alang kwa niaba yake. Nilipoolewa, miaka miwili baadaye, Pak Alang ndiye aliyesimama. Alisema kwa muda mrefu hata wali wa wakwe ukapoa, na wazee wa kike walilia mpaka shela yangu ikalowa. Jino halikumuuma.

Kamusi ilitoka nikiwa tayari nimehamia Ipoh na mume wangu. Niliwaletea nakala moja, tukaifungua mezani. Neno letu lilikuwamo na maana zake zote mbili. Sentensi zilikuwa nyingine, kavu, za watu wa ofisini, wala hapakuwa na jina la msemaji yeyote, maana kamusi haziandiki majina. Pak Alang aliinamia ukurasa, akapitisha kidole juu ya herufi asizozijua.

"Nipo?" aliuliza.

"Upo, Pak Alang," nilimjibu. "Hapa."

Nilimtazama baba. Alikuwa anausoma ukurasa uleule, miwani puani. Aliinua macho akaniangalia, kisha akamwangalia Pak Alang aliyekuwa anatabasamu. Hakunisahihisha.

Baba alifariki mwaka wa sita baada ya kiharusi, na Pak Alang hakukaa sana baada yake. Nyumba ile sasa wanakaa wapwa wangu. Wameweka ngazi ya saruji.

Mwaka mmoja kabla ya baba kufariki, mimi na mume wangu tulishuka kwenye basi alasiri moja ya joto na kukuta nyumba tupu. Opah aliyekuwa chini ya nyumba, kwenye kivuli, alituelekeza mtoni kwa fimbo. Waliketi kwenye jiwe bapa, sarongi wamezikunja magotini, miguu majini. Pak Alang alikuwa anamenya langsat, kokwa anatupa, tunda anamtilia baba kwenye kiganja cha kushoto. Walikuwa wanabishana juu ya fungu la mchanga lililotokea katikati ya mto.

"Halikuwapo tulipokuwa wadogo," Pak Alang alisema.

"Lili... kuwa."

"Halikuwapo, Meor. Tuliogelea palepale."

"Dogo," baba alisema, akionyesha kwa vidole viwili.

Mume wangu aliniuliza kama tuwaite. Nilikuwa bado nimebeba kikapu cha nguo. Nikakiweka chini kwenye nyasi.

"Ngoja kwanza," nikamwambia.